Wanajeshi Wastaafu na Familia Zao: Fahamu Misaada ya Hisani Inavyotolewa na Namna ya Kuifikia

Kila ifikapo Julai 25, Tanzania huadhimisha Siku ya Mashujaa. Viongozi huweka mkuki na ngao, sime, upinde na mshale pamoja na mashada ya maua katika mnara wa kumbukumbu, kwa heshima ya waliopoteza maisha wakilitetea Taifa. Miongoni mwa wanaohudhuria ni wazee waliovaa medali zao kifuani, ambao walitumikia jeshi kwa nyakati tofauti na kurejea wakiwa hai.

Maadhimisho hayo yakimalizika, wazee hao hurudi katika mitaa na vijiji vyao. Wapo wenye pensheni, nyumba na watoto wanaowatunza. Wapo pia wanaoishi kwa taabu: mzee aliyepoteza hati zake za utumishi, mjane ambaye mirathi ya mumewe haijafunguliwa, au mtoto aliyekwama shuleni baada ya baba kufariki. Hao ndio wanaotafutwa na vyama vya wanajeshi wastaafu, taasisi za dini, vikundi vya jamii na mashirika ya hisani ya ndani na nje ya nchi.

Makala haya yanaeleza misaada hiyo ilikotoka, inavyomfikia mlengwa, kwa nini wengine hukosa, na mambo ambayo familia inapaswa kuyaweka sawa mapema.

Makundi yanayohitaji msaada

Wanajeshi wastaafu hawako katika hali moja, na haki zao hutofautiana kulingana na wakati na aina ya utumishi wao.

Kundi la kwanza ni la waliotumikia jeshi la kikoloni kabla ya Desemba 9, 1961. Kikosi kikuu cha wakati huo kilikuwa King's African Rifles, maarufu kama KAR, kilichoundwa mwaka 1902. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Watanganyika wanaokadiriwa kuzidi 80,000 waliingizwa katika utumishi wa kijeshi, wakapelekwa Ethiopia, Madagaska na Burma. Wapo ambao hawakufika hata mstari wa mbele. Februari 12, 1944, meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo, ilizamishwa katika Bahari ya Hindi na watu wapatao 1,300 wakafa, wakiwemo wapiganaji wengi wa kikosi cha mizinga kutoka Afrika Mashariki.

Askari wengi Waafrika wa vita hiyo walipewa malipo ya mkupuo walipoachishwa utumishi, si pensheni ya maisha. Taarifa za uchunguzi zilizochapishwa mwaka 2019 zilionyesha kuwa viwango vya malipo hayo viliwekwa kwa kufuata rangi, na kwamba askari mweupe angeweza kupata hadi mara tatu ya alichopata Mwafrika wa cheo hicho hicho. Kijana aliyeingia jeshini mwaka 1945 akiwa na miaka 18 alizaliwa mwaka 1927, hivyo waliobaki ni wachache mno na ni wazee sana. Leo wanaohitaji msaada katika kundi hili ni zaidi wajane wao, pamoja na wale walioingia KAR miaka ya mwisho kabla ya Uhuru.

Kundi la pili ni la waliopigana Vita ya Kagera ya mwaka 1978 na 1979. Vita hiyo haikupiganwa na askari wa kudumu wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) peke yao. Iliwaingiza vitani pia vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa, polisi, askari magereza na maelfu ya wanamgambo kutoka vijijini, na idadi ya wapiganaji ikapanda kupita 100,000. Baada ya Kampala kutwaliwa Aprili 11, 1979 na vita kumalizika, wanamgambo wengi walirudi katika mashamba yao. Kwa kuwa hawakuwa waajiriwa wa kudumu wa jeshi, utumishi wao haukujenga haki ya pensheni ya kila mwezi kama ya askari aliyetimiza miaka yake kazini. Mwanamgambo aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 amekwisha kuvuka miaka 65, umri ambao majeraha ya zamani na uchovu wa mwili huanza kudai gharama.

Kundi la tatu ni la askari waliostaafu kwa utaratibu wa kawaida katika miongo ya karibuni, pamoja na familia za waliofariki wakiwa kazini. Familia hizo ni pamoja na zile za walinda amani, kama walioshambuliwa katika kambi ya Semuliki, Kivu Kaskazini, Desemba 7, 2017, ambapo Tanzania ilipoteza vijana wake wasiopungua 14. Kundi hili lina haki zilizoainishwa kisheria. Tatizo lake mara nyingi si kukosekana kwa haki, bali kuchelewa kwa nyaraka zinazoithibitisha.

Chimbuko la misaada ya hisani

Utaratibu wa jamii kuchangia wanajeshi wa zamani ulipata sura rasmi baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Mwaka 1921 wanajeshi wa zamani wa Uingereza waliunganisha vyama vyao na kuanzisha British Legion. Novemba ya mwaka huo huo chama hicho kilianza kuuza ua jekundu la popi na kutumia mapato kuwasaidia majeruhi, wajane na yatima. Mwaka huo pia, mjini Cape Town, uliundwa umoja wa vyama vya wanajeshi wa zamani wa himaya nzima. Umoja huo ndio unaojulikana sasa kama Royal Commonwealth Ex-Services League, wenye makao yake London.

Afrika Mashariki ilikuwa na deni kubwa katika vita hiyo. Jina la Kariakoo, eneo la soko jijini Dar es Salaam, linatokana na kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, waliobeba chakula na risasi kwa miguu kufuata majeshi. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia warithi wao, kwa sababu majina na vijiji vyao havikuandikwa kwa usahihi au havikuandikwa kabisa. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa katikati ya jiji la Dar es Salaam mwaka 1927 iliwapa heshima, lakini haikuweza kulipa ada ya shule ya mtoto wa mpagazi.

Kutokana na historia hiyo, nchi za ukanda huu zilibaki na vyama vya wanajeshi wa zamani vilivyounganishwa na umoja wa London. Nchini Tanzania chama hicho ni Tanzania Legion and Clubs, ambacho wazee wake wamekuwa sehemu ya maadhimisho ya kitaifa. Nchini Kenya jukumu kama hilo hufanywa na chama cha wanajeshi wastaafu kijulikanacho kwa kifupi DEFOCA, ambacho zamani kiliitwa KAFOCA.

Msaada unavyomfikia mlengwa

Wananchi wengi hudhani kuwa shirika la hisani la nje hutuma fedha moja kwa moja kwa mzee aliyeko kijijini. Sivyo ilivyo. Umoja wa London hufanya kazi kupitia chama cha nchi husika. Chama hicho hutegemea matawi yake, na tawi ndilo linalomfahamu mzee, nyumba yake na hali yake. Tawi hupeleka taarifa, chama huhakiki utumishi wa mhusika, kisha maombi hupelekwa panapohusika. Fedha nazo hurudi kwa njia hiyo hiyo.

Mwaka 2018 Serikali ya Uingereza ilitangaza takribani pauni milioni 12 kwa kipindi cha miaka mitano kusaidia maveterani wa Jumuiya ya Madola waliotumikia taji la Uingereza kabla ya uhuru wa nchi zao, pamoja na wajane wao. Lengo lilikuwa mzee asiye na kipato aweze kumudu milo miwili kwa siku. Kipimo hicho kinaonyesha hali halisi ya walengwa: kinachozungumzwa hapo ni chakula, si anasa.

Masharti ya msaada wa aina hiyo yanapaswa kueleweka vizuri. Kwanza, unawahusu waliotumikia kabla ya uhuru na wajane wao, si wajukuu. Pili, hutolewa kwa kuangalia uhitaji. Mzee mwenye kipato cha kutosha hastahili hata kama alipigana Burma. Tatu, ni hisani, si fidia wala malimbikizo ya mshahara. Kwa hiyo mpiganaji wa Kagera ambaye hakutumikia kabla ya uhuru hawezi kuupata, na familia yake inapaswa kutafuta njia nyingine.

Njia hizo nyingine ziko karibu zaidi na nyumbani. Misikiti na makanisa huchangia chakula na matibabu ya wazee wasiojiweza. Vikundi vya kufa na kuzikana hubeba gharama za mazishi ambazo zingeiacha familia na madeni. Wastaafu waliotumikia kikosi kimoja huchangishana kuezeka nyumba ya mwenzao au kumlipia nauli ya kwenda hospitali. Katika maadhimisho ya kuanzishwa kwa JWTZ, jeshi lililoundwa Septemba 1, 1964, vikosi hushiriki shughuli za kijamii kama usafi, uchangiaji damu na upimaji wa afya kwa wananchi.

Moyo huo si mgeni. Wakati wa Vita ya Kagera wananchi walitoa ng'ombe, nafaka na magari ili jeshi lisonge mbele. Kumchangia leo mpiganaji aliyezeeka ni kuendeleza kazi ile ile, ingawa adui sasa ni njaa, maradhi na upweke.

Karatasi ndiyo silaha ya mwisho

Jambo linalowakwamisha wengi kuliko ukosefu wa wafadhili ni uthibitisho wa utumishi. Vitabu vya historia vinasimulia kisa cha mwaka 1964, wakati Ujerumani Magharibi ilipoamua kuwalipa askari wa zamani wa jeshi la Kijerumani la Afrika Mashariki waliokuwa bado hai. Afisa wa benki alifika Mwanza na kukuta mamia ya wazee. Wachache tu walikuwa na vyeti walivyopewa mwaka 1918; wengine walileta vipande vya sare kuukuu. Inasimuliwa kuwa afisa huyo alimpa kila mzee ufagio na kumwamuru kwa Kijerumani afanye mazoezi ya silaha. Hakuna hata mmoja aliyekosea.

Leo hakuna ofisi inayohakiki utumishi kwa ufagio. Kinachohitajika ni cheti cha kuachishwa au kustaafu utumishi, namba ya jeshi, jina la kikosi na tarehe za kuingia na kutoka. Kwa anayelipwa pensheni na Hazina, huhitajika pia hati za pensheni, kitambulisho na taarifa za benki zinazolingana na majina yaliyomo katika kumbukumbu. Tofauti ndogo ya jina, mfano aliyeandikishwa jeshini kwa jina la babu na kupata kitambulisho cha Taifa kwa jina la ukoo, inaweza kusimamisha malipo hadi irekebishwe kwa kiapo au hati nyingine ya kisheria.

Mstaafu anashauriwa kutunza nakala za nyaraka zake mahali pawili tofauti na kumweleza mwenza au mtoto mmoja zilipo. Aidha, Hazina inapotangaza uhakiki wa wastaafu, asiyejitokeza anaweza kuondolewa kwa muda katika orodha ya malipo. Mgonjwa au mzee asiyeweza kusafiri hapaswi kunyamaza. Familia yake itoe taarifa mapema katika ofisi inayohusika au kwa uongozi wa mtaa au kijiji.

Mjane na shauri la mirathi

Mwanajeshi anapofariki, familia hukutana na mlango wa pili wa nyaraka. Hatua ya kwanza ni cheti cha kifo, kinachotolewa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) kupitia ofisi za wilaya. Hatua ya pili ni kikao cha familia kinachopendekeza msimamizi wa mirathi, na muhtasari wake huwekwa saini na wajumbe. Hatua ya tatu ni kufungua shauri la mirathi mahakamani, na hatua ya nne ni msimamizi aliyeteuliwa kuwasilisha barua ya uteuzi katika ofisi inayoshughulikia mafao.

Uteuzi wa msimamizi haumfanyi kuwa mmiliki wa mali. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni na kugawa kilichobaki kwa warithi halali, na sheria inamtaka awasilishe mahakamani orodha ya mali ndani ya muda uliowekwa. Familia nyingi huharibikiwa hapa, pale ndugu wa marehemu anapoteuliwa, kisha mafao yakatumika bila mjane na watoto kupata sehemu yao. Mjane ana haki ya kwenda katika mahakama iliyotoa uteuzi na kuomba msimamizi atoe hesabu au aondolewe.

Swali lingine huwa ni ndoa. Wapo wajane waliofunga ndoa ya kimila ambayo haikuandikishwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inazitambua ndoa za kimila, na pia inaweka dhana ya ndoa kwa mwanamume na mwanamke walioishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi na kutambulika hivyo katika jamii. Hata hivyo, dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi na huthibitishwa mahakamani, jambo linalochukua muda. Wanandoa ambao ndoa yao haijasajiliwa wana sababu nzuri ya kuisajili wangali hai wote wawili.

Hapa ndipo shirika dogo la hisani linaweza kufanya kazi kubwa kwa gharama ndogo. Mjane anayehitaji nauli ya kwenda mahakamani mara tatu, au mtu wa kumsaidia kujaza fomu, anaweza kufungua mlango wa mafao yatakayomtunza kuliko mfuko wowote wa unga. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, ambao huwahudumia bila malipo wasio na uwezo, na wapo katika ngazi ya wilaya na kata.

Hisani haifuti wajibu

Msaada wa hisani una mipaka yake. Hutegemea mchango wa mwaka, nguvu ya tawi na uaminifu wa viongozi wake. Kwa sababu hiyo nchi kadhaa zimeweka masuala ya wanajeshi wastaafu katika sheria au chombo maalumu. Uganda iliunda bodi ya kuwasaidia maveterani mwaka 1992, wakati wa kupunguza idadi ya wanajeshi. Afrika Kusini ilitunga Sheria ya Maveterani wa Kijeshi mwaka 2011, na Kenya ikatunga yake mwaka 2022.

Nchini Tanzania, mstaafu au mjane ambaye hana pensheni bado ni mwananchi mwenye haki ya huduma nyingine za umma. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea kuwa mzee, na imeelekeza matibabu bila malipo kwa wazee wasiojiweza. Kaya maskini hutambuliwa katika mkutano wa kijiji au mtaa kwa ajili ya mpango wa TASAF. Mwanamgambo wa Kagera anayeishi katika umaskini hapaswi kuachwa nje ya orodha hizo kwa dhana kwamba jeshi linamlipa. Viongozi wa vijiji na mitaa wana wajibu wa kujua ukweli wa kila kaya kabla ya kupitisha majina.

Kwa wanaotaka kuchangia

Mtu binafsi au kampuni inayotaka kusaidia inashauriwa kuhakikisha kwanza kuwa taasisi inayopokea imesajiliwa. Mashirika yasiyo ya kiserikali husajiliwa chini ya Sheria Na. 24 ya mwaka 2002, vyama vya kijamii husajiliwa na Msajili wa Vyama, na bodi za wadhamini husajiliwa na RITA. Taasisi ya kweli haitaona haya kuonyesha cheti chake, akaunti ya benki yenye jina lake na taarifa ya matumizi ya mwaka uliopita.

Wastaafu na wajane nao wanapaswa kuwa macho. Wizara ya Fedha imekuwa ikiwatahadharisha wastaafu dhidi ya matapeli wanaopiga simu kwa kujifanya maofisa na kuomba fedha ili washughulikie mafao. Wengine huwaendea wazee na wajukuu wa askari wa KAR wakidai kuna malipo makubwa yanayosubiri Uingereza, na kuwatoza ada ya kuandikisha majina. Pensheni halali haifunguliwi kwa kutuma fedha kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, na msaada wa hisani haununuliwi. Anayetiliwa shaka aripotiwe kituo cha polisi au ofisi ya Serikali ya mtaa.

Msaada unaodumu huanza kwa kumtambua mhusika. Tawi la chama, kikundi cha msikiti au kanisa, au uongozi wa mtaa unaweza kuandaa daftari lenye jina la kila mwanajeshi mstaafu na mjane aliyepo, namba ya jeshi ikijulikana, mwaka wa utumishi, nyaraka alizonazo na zile anazokosa. Wapagazi wa Kariakoo walipoteza haki zao kwa kukosa daftari la namna hiyo. Wapiganaji wa Kagera wengi bado wapo, wanakumbuka majina ya makamanda wao na mito waliyovuka, na kumbukumbu hizo zinaweza kuandikwa sasa, wakiwa bado na uwezo wa kuzieleza.